Matonge ya Yafet

Kila mchana mama yake Yafet huja shuleni, hujibana kwenye dawati la mwanawe, na kula kwa niaba yake. Hapa Addis Ababa watoto hulishana matonge ya injera, mkate wao laini wa chachu, kwa mkono, na kulikataa tonge ni kumkataa anayekulisha. Yafet ana usonji. Mdomo wake hauguswi. Basi wenzake humgeukia mama: "Mama, panua mdomo!" Hupanua, hutafuna, husema limenoga, hulegeza mkanda, na hakuna anayemnunia mwanawe. Leo Hiwot, mwanafunzi mwenzake, kaja na tonge kubwa kama ngumi. Mama akapanua. Yafet, ambaye hagusi mtu, akamziba mama mdomo kwa kiganja. "We Hiwot, mwache. Ameshiba." Mama alikuwa ameshiba tangu muhula wa kwanza, ila hakuna aliyewahi kumuuliza.