Siku Mama Nyuzi Alipomaliza Nguo Zote

Dada yangu ni dobi, na mtaa mzima unamwita Mama Nyuzi. Kila nguo inayoingia kibandani kwake huwekewa alama ya uzi nyuma ya kola au ndani ya kiuno cha suruali. Mishono miwili ya kijani ni ya mwalimu, mmoja mwekundu ni wa kinyozi, na mjane wa ghorofani ana uzi mweusi na mweupe uliosokotwa pamoja. Daftari hana. Kwa miaka ishirini na miwili hajawahi kumpa mtu shati lisilo lake, na akisikia dobi mwingine kapoteza hata soksi, anasonya.

Kwa mikono yake alinilea baada ya mama yetu kufariki, akanisomesha mpaka nikapata kazi ya kutoa fotokopi na kuwajazia watu fomu. Sasa mikono hiyo ndiyo iliyoanza kuharibika. Ngozi ilimpasuka kati ya vidole, ikawa haifungi. Daktari akamwambia bila kuzunguka kwamba ni maji na sabuni, na akiendelea kufua hivyo, baada ya mwaka au miwili hataweza kushika hata kijiko. Kama ni lazima afue, atafute mashine. Dada akamshukuru sana, akarudi nyumbani, akaloweka mashuka.

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilimfokea pale pale kwenye beseni.

"Sasa nifanyeje, mdogo wangu?" akasema. "Niwaambie wateja wavae chafu mpaka nipone?"

Mashine kubwa ya kufulia hatukuwa na uwezo wa kuinunua, hata tungeuza kibanda na sisi wenyewe ndani yake. Ndipo nikaanza kutafuta ruzuku, pesa ambayo mtu hairudishi. Kazini kwangu matangazo ya namna hiyo hupita mengi, na nilishajifunza yapi ya kutupa. Anayekutoza ada ya fomu ili akupe pesa ya bure ni mwizi, hata akivaa tai. Anayeandika "msaada" juu na "riba" ukurasa wa tatu, huyo anakukopesha. Miezi saba niliambulia patupu. Huku walitaka vijana, kule walitaka wakulima, kwingine muda ulikuwa umekwisha jana yake.

Mwishowe nikapata mfuko mmoja wa biashara ndogo. Hawakutoza kitu, tena walikuwa na mshauri wa bure, mama mmoja mwenye miwani mizito aliyekaa kwenye chumba cha nyuma cha maktaba kila Jumanne. Alituandikia mpango wa biashara kwa mkono wake, akatuuliza maswali kwa upole, akamcheka dada aliposema mtaji wake ni mabeseni manne na ubishi. Ombi likapita hatua ya kwanza. Siku ya kuagana alituambia, "Atakuja mkaguzi Alhamisi ya wiki ijayo. Msijisumbue. Aone kazi tu."

Aone kazi tu. Maneno matatu, na mimi msomi wa fomu sikuyasikia. Nilipofika nyumbani nilimwambia dada, "Wageni wanakuja Alhamisi. Pale mahali pang'ae."

Kwa mtu mwingine, kung'arisha ni kufagia na kupangusa. Kwa dobi, mahali pachafu ni mahali penye nguo chafu. Dada alianza Jumatatu. Alifua kila kilichokuwa kibandani, mashuka ya nyumba ya wageni, makoti ya wapishi, mapazia ya mjane. Alifua kwa mikono ile ile iliyokatazwa, akapiga pasi, akawatumia wateja ujumbe waje kuchukua mapema. Jumatano nilipita kumwona nikakuta maji ya kusuuzia yamekuwa ya rangi ya waridi kwa damu. Nilimwambia apumzike.

"Jikaze kisabuni," akanitania, kama alivyokuwa akiniambia nikilia utotoni. "Kesho tu."

Alhamisi asubuhi kibanda kilikuwa kitupu. Rafu zimepanguswa, mabeseni yamefunikwa chini juu, kamba ya kuanikia haina hata kibanio. Juu ya meza palikuwa na pasi peke yake, imesuguliwa mpaka unajiona. Dada alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, mikono kaificha nyuma.

Mkaguzi alikuwa bwana mpole mwenye mkoba begani. Alisalimia, akatazama huku na huku.

"Mama, nguo za wateja ziko wapi?"

"Zimeisha zote, baba," dada akajibu, na sijawahi kumwona akijivuna hivyo. "Hutakuta hata leso."

"Na orodha ya wateja?"

"Orodha ni nyuzi. Kila nguo ina uzi wake."

"Naomba kuziona hizo nyuzi."

"Zimeondoka na nguo!" Akacheka.

Hapo ndipo nilipoelewa tulichofanya. Nikaingilia kati. "Bwana, jana tu hapa palijaa mpaka mlangoni."

"Nakuamini, ndugu yangu. Lakini naandika ninachokiona."

"Dada, basi mwonyeshe mikono."

Alinikata jicho. "Mgeni hakuja kutazama vidonda," akasema, na mikono ikabaki nyuma mpaka yule bwana alipoaga.

Wiki ile ile vidonda vikaingia usaha. Daktari alimfunga bandeji mpaka kwenye viwiko na kumkataza maji kabisa. Kibanda kikafungwa. Wateja walisubiri siku chache, kisha wakaanza kupeleka nguo zao kwingine, na siwalaumu, mtu hawezi kwenda kazini uchi. Mimi nilimlisha dada kwa kijiko.

Barua ya mfuko ilipitia kazini kwangu baada ya mwezi na kidogo. Ilisema: "Eneo la biashara ni safi na limepangwa vizuri sana. Hata hivyo, hakuna ushahidi wa wateja wala wa kazi inayoendelea. Ombi halikukubaliwa." Nilikwenda nayo maktaba. Yule mama aliisoma, akavua miwani, akanirudishia. Pesa za mwaka ule zilikuwa zimeshagawiwa. Niliporudi njiani nililia hadharani, mtu mzima na ndevu zangu.

Dada alikuwa amekaa kitandani, mikono juu ya mto.

"Wamesemaje?"

Nilishindwa kumwambia kweli. "Pesa zilikuwa chache, dada. Walioomba ni wengi."

Aliitikia kwa kichwa polepole. "Basi wamepewa wenye shida kuliko mimi." Kisha akauliza, "Na pale petu walipaonaje?"

"Wameandika ni pasafi, pamepangwa vizuri sana."

"Wameandika? Kwenye barua ya ofisi?"

"Ndiyo."

"Hebu nisomee hapo."

Nikamsomea sentensi ile moja. Akaniomba nirudie. Niliporudia, machozi yalimtoka, na hakuwa na mkono wa kuyafuta, nikamfuta mimi.

"Miaka yote hii nafua," akasema, "hakuna mtu aliyewahi kuniandikia hivyo. Niachie hiyo barua. Bandeji zikitoka nitaisoma mwenyewe."

Nilimwambia ngoja kwanza niitoe kopi, isije ikapotea. Nikaikunja nikaondoka nayo.

Bandeji zimetoka, lakini vidole vimekakamaa na havifungi hata kifungo. Barua iko kwenye droo yangu kazini. Kila nikienda kumwona ananiuliza kopi imefikia wapi, na kila mara namwambia mashine mbovu.