Chiriku wa Pili

Kama umewahi kuangalia filamu ya kigeni iliyotafsiriwa, ile ambayo waigizaji wanafungua midomo kwa lugha yao na juu yake unamsikia mtu mmoja akiwasemea wote, wanaume, wanawake, watoto na mbwa, basi huenda umewahi kumsikia Chiriku. Kumsikia, nasema. Kumwona ni habari nyingine. Ukikutana naye njiani utampita tu, maana ni mzee mfupi mwenye shati la mikono mirefu na miwani iliyofungwa uzi sikioni, na akikuamkia anaamkia kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Ile sauti nyingine, inayofanya watu wapaliwe na chai kwa kucheka, anaiacha kazini pamoja na maiki.

Na ana sababu ya kuiacha huko. Si yake.

Miaka ishirini na sita nyuma mtu huyu aliitwa Fundi Waya. Alikuwa fundi wa mitambo katika ukumbi wa video, chumba kirefu chenye mabenchi, mapazia meusi na feni moja iliyozunguka ilipojisikia. Yeye ndiye aliyeunganisha spika na kusafisha vichwa vya deki kwa pamba na spiriti, kisha akakaa nyuma ya pazia kumsikiliza mwenzake akitafsiri. Huyo mwenzake ndiye Chiriku hasa, Chiriku wa kwanza, aliyepewa jina hilo na bibi yake kwa sababu tangu alipojua kusema hakujua tena kunyamaza.

Sasa hapa pana kichekesho. Fundi Waya alikuwa amesoma, na lugha ya zile filamu aliielewa barabara. Chiriku hakuielewa. Alijua “ndiyo”, “hapana”, “nakupenda” na “weka silaha chini”, na kwa mtaji huo alisimulia filamu zaidi ya mia tatu. Yaliyobaki aliyasoma kwenye nyuso za waigizaji. Katika filamu yake ya kwanza kabisa alimwona mtu mbaya amekaa meza moja na dada wa shujaa, akaamua kwamba huyo ni shemeji. Hakuwa shemeji. Alikuwa mkuu wa gereza. Lakini Chiriku alipopiga ukelele, “Shemeji huyooo, mficheni mtoto!” watu walivunjika mbavu, na tangu siku hiyo kila mbaya katika kila filamu, awe mwizi, awe jini, awe papa wa baharini, aliitwa shemeji.

Fundi alijaribu kumrekebisha. “Kaka, yule si shemeji. Ni mkuu wa gereza, wamesema wazi kabisa.”

“Wamemwambia nani?” Chiriku aliuliza. “Umemwona mtu amedai kiingilio chake?”

Siku moja Chiriku alichelewa, na Fundi akashika maiki. Alitafsiri neno kwa neno, bila kutia chumvi wala kupunguza. Ilikuwa tafsiri safi, hata mwalimu angempa alama zote. Watu walianza kutoka kabla ya nusu saa, na mmoja akauliza kwa sauti kama wamekuja filamu au wamekuja matanga. Ndipo Chiriku akaingia akihema, akaichukua maiki mkononi mwa Fundi kwa upole, akasema, “Jamani samahani, nilikuwa kwa shemeji.” Ukumbi mzima ukalipuka. Nyuma ya pazia Fundi alikuwa anakunja waya. Hapo ndipo roho ya kwa nini ilipomwingia. Kwa nini yeye? Kwa nini asiyejua ashangiliwe, na anayejua akunje waya?

Watu husema mwenye husuda ni mvivu. Si kweli. Fundi alianza kurekodi kila onyesho la mwenzake, akawa anarudi na kanda hizo chumbani kwake na kuzisikiliza kama mwanafunzi wa mtihani. Alijifunza Chiriku anavuta pumzi wapi, anakohoa kwa makusudi wapi, anamliza mwanamke kwa pua namna gani. Alijiambia ni utani tu. Mwaka ulipokwisha, jirani yake alimgongea ukuta na kuuliza, “Fundi, Chiriku amehamia kwako?”

Wakati huo mwenye ukumbi aliona mbali. Akafunga ukumbi, akafungua duka mtaa mwingine, akaanza kuuza filamu zilizokwisha kutafsiriwa, mtu akaangalie nyumbani kwake. Kwa hiyo mtafsiri hakuonekana tena. Sauti yake ilirekodiwa kwenye chumba cha nyuma, ikaenda nyumba za watu peke yake. Chiriku alirekodi filamu kumi, zikagombaniwa. Halafu mama yake akaugua mbali huko, na yeye ndiye mtoto pekee. Akaenda kumuuguza.

“Nasikia unamwigiza,” mwenye duka alimwambia Fundi. “Rekodi mbili tatu. Mwenzako akirudi ataendelea. Ila taja jina lake, maana wateja wananunua jina.”

Fundi akalitaja. Mara ya kwanza ulimi ulikuwa mzito. Mara ya pili haukuwa mzito.

Miezi saba baadaye Chiriku alirudi. Alikuwa amemzika mama yake, amekonda, na kikohozi kilikuwa kimemkwaruza koo. Aliingia dukani saa sita mchana, duka limejaa wateja wa mtaa mpya, watu wasiowahi kumwona uso. Akatandaza mikono, akasema, “Jamani, nimerudi! Chiriku mwenyewe!”

Wateja walicheka. “Chiriku tumemsikia jana kwenye filamu mpya,” mmoja akasema. “Wewe na koo lako hilo la jogoo aliyenyeshewa, nenda zako.”

Chiriku naye akacheka. Alidhani ni mzaha. Akainua macho kwa Fundi, aliyekuwa juu ya ngazi anafunga spika, bisibisi mdomoni. “Fundi, hebu waambie.”

Mwenye duka akajifanya anapanga makasha. Fundi alitoa bisibisi mdomoni. Alikuwa na muda wa kutosha wa kusema kweli, hilo amelikiri mwenyewe mara nyingi, muda ulikuwapo.

“Anamwigiza vizuri kidogo,” alisema. “Lakini siye.”

Chiriku hakugombana. Alimtazama Fundi kwa mshangao, hana hasira hata, kama mtu aliyepewa chenji pungufu na ndugu yake. “Haya, shemeji,” akasema, akatoka. Watu walicheka tena. Walisema hapo kapatia.

Akaenda kubeba magunia kwenye mashine ya kusaga nafaka, mitaa mitatu kutoka dukani, mahali ambapo hata ukipiga mayowe aliye ubavuni mwako hasikii. Fundi alijua. Akabadilisha njia ya kurudi nyumbani, akawa anazunguka sokoni, na mzunguko huo aliuzoea mpaka akaisahau sababu yake. Si kweli. Hakuisahau hata siku moja.

Wala usidhani alifaidi. Mtu aliyejua kila neno la kila filamu alilazimika kulikosea kila siku, kwa kufuata makosa ya mwenzake. Mwaka fulani alijaribu kuachana na ule ushemeji, akamwita jambazi jambazi. Wateja wakazirudisha filamu zote. “Hii ni ya bandia,” walisema. “Chiriku hawezi kusema hivi.” Akarudi kwenye ushemeji. Alishangiliwa miaka yote hiyo, na kila waliposhangilia alijua wanamshangilia nani.

Mwaka jana ikaja filamu ya kutisha, isiyo na jini wala tone la damu. Marafiki wawili, wachoraji wa ramani za majengo. Mmoja anamwonea mwenzake kijicho. Anajifunza sahihi yake, mwendo wake, namna anavyokuna shingo. Mwenzake anapopotea safarini, yeye anavaa koti lake, anaingia nyumba yake, anaitikia jina lake. Kila mtu anamkubali. Basi, filamu nzima ni mtu anayeitikia jina. Fundi aliiangalia kwanza peke yake, mchana, akaisimamisha mara tatu kunywa maji.

Siku ya kurekodi alikaa kwenye kile chumba cha nyuma, magodoro ukutani, soksi kwenye maiki, feni imezimwa isilete kelele. Alisimulia vizuri. Mwishoni kabisa yule mwizi wa jina anasimama mbele ya kioo, anajitazama dakika mbili nzima bila neno. Chiriku wa kwanza hakuwahi kuacha kimya kipite, kila palipokuwa kimya yeye alitia maneno. Na Fundi akatia maneno.

“Mimi siye Chiriku,” alisema, kwa sauti yake mwenyewe, ile nyembamba ya kuomba radhi. “Chiriku mwenyewe yuko kwenye mashine ya kusaga, anabeba magunia. Nilimkana mchana kweupe, mbele za watu. Mimi ni Fundi Waya tu. Kaka, nisamehe.”

Akatoka ametota jasho, akisubiri kufukuzwa. Duka siku hizi lilikuwa la binti wa marehemu mwenye duka, aliyekuwa anatambaa wakati mambo hayo yanatokea. Binti akavaa spika za masikioni, akasikiliza mpaka mwisho, akafuta machozi.

“Mzee, hapa umeua!” akasema. “Mpaka sauti umebadilisha! Hiyo akili umeitoa wapi?”

“Ni kweli, mwanangu. Si maigizo.”

“Hivyo hivyo, baba. Wakikuuliza uwajibu hivyo hivyo, itauza zaidi.”

Ikauza kweli. Wiki ya tatu Fundi alikuwa kwa kinyozi, povu kidevuni, akamsikia mteja wa pembeni akisema kwa sauti nyembamba, “Mimi siye Chiriku, mwenyewe yuko mashineni!” na kinyozi akaitikia, “Kaka, nisamehe!” Kumbe ilikuwa imeshakuwa salamu. Aliyechelewa kazini aliitumia, aliyesahau kununua chumvi aliitumia. Fundi naye akacheka nao. Angefanya nini? Msiba wa kujitakia hauna kilio.

Hapo akatambua kwamba kwenye maiki hataaminika tena, hata aape. Imebaki kwenda kwa miguu, amkute mwenyewe uso kwa uso, amrudishie jina lake mbele ya watu wake. Jumamosi asubuhi alinyoa, akavaa shati lake zuri, na kwa mara ya kwanza hakuzunguka sokoni.

Pale mashineni wafanyakazi weupe kwa unga walimsogelea sikioni ndipo wakasikilizana. Yule mzee? Amefariki. Ina miezi minane sasa, ni kifua. Binti yake yupo, nyumba ile ya mlango wa bluu.

Fundi alipiga hesabu ya miezi kwa vidole. Alipokuwa anaomba msamaha kwenye maiki, mwenzake alikuwa chini ya udongo tayari. Angeweza kugeuza arudi kwake. Mimi nadhani afadhali angegeuza, lakini mtu aliyebeba mzigo muda mrefu haangalii sana anautua wapi.

Binti alikuwa fundi cherehani. Alisogeza sare za shule zilizokuwa kwenye kiti. “Karibu, baba. Ulimfahamu mzee?”

“Nilifanya naye kazi, mwanangu. Pole sana.”

“Tumeshapoa, baba. Mashineni?”

“Kabla ya mashine.”

Binti akatabasamu. “Usiniambie na wewe ni wa filamu.” Akachukua sindano, akaendelea kushona kifungo huku akisema. “Baba yangu alikuwa mtu mzuri, Mungu amrehemu. Hakunywa, hakutupiga. Alikuwa na uongo mmoja tu, kwamba yeye ndiye Chiriku. Tukiwa wadogo tulimwamini. Tukaenda kusema shuleni, tukazomewa mwaka mzima. Nilipokuja kuposwa, wakwe wamekaa hapo ulipokaa, akaanza kuwasimulia kwa ile sauti, shemeji huyooo, wanacheka, na mimi naona raha. Halafu akasema, ‘Msinione hivi, mimi ndiye Chiriku mwenyewe.’ Nikamwambia mbele yao, ‘Baba, acha uongo, unanitia aibu.’”

“Akasemaje?”

“Hakusema kitu. Wala hakulisema tena. Miaka tisa.” Akakata uzi kwa meno. “Basi kila mzee ana lake.”

Alikuwa ametulia, anaonekana amekwisha kumsamehe baba yake kile kiuongo kidogo, amekiweka pamoja na mambo mengine ya marehemu. Fundi aliyaona hayo yote. Na akasema.

“Mwanangu, hakuwa muongo. Muongo ni mimi.”

Akamweleza ukumbi, kanda, ngazi, bisibisi. Binti alimtazama bila kuelewa, ndipo Fundi akafumba macho na kusema kwa ile sauti, “Jamani samahani, nilikuwa kwa shemeji.”

Sindano ikasimama. Ilikuwa sauti ya Chiriku wa filamu, na ilikuwa sauti ya baba yake siku ile ya posa, na binti alikuwa anazisikia zote mbili kwenye mdomo mmoja.

“Kwa hiyo alikuwa anasema kweli,” akasema.

“Alikuwa anasema kweli.”

Fundi alingoja matusi. Alikuwa amejiandaa nayo njia nzima, na naapa aliyataka. Lakini binti hakumtazama hata. Alikuwa anatazama kile kiti alichokalia Fundi, pale walipokaa wakwe siku ile.

“Wewe ulimkana dukani,” alisema taratibu. “Mimi nilimkana nyumbani kwake, mbele ya wageni wake.”

“Hukujua, mwanangu.”

“Na yeye alijua kwamba sijui. Ndiyo maana alinyamaza. Alinyamaza miaka tisa nisione aibu.” Akaiinamia ile sare, mabega yakaanza kumtikisika.

Fundi akasimama, akakaa, akasimama tena. Akamwambia pole, na binti akaipokea kwa adabu kama wafiwa wanavyopokea, akanyanyuka kumfungulia mlango kwa sababu ni mgeni. Fundi alikuwa amekuja kutafuta msamaha wake peke yake. Sasa waliouhitaji walikuwa wawili, na mwenye kuutoa alikuwa mmoja tu, na hayupo.