Haisi Isiyo na Rangi ya Fundi Haitham

Tarehe 28 Oktoba 2015, siku tatu baada ya watu kupiga kura, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar alitangaza kwamba uchaguzi umefutwa pamoja na matokeo yake. Hilo limeandikwa na halibishaniwi. Habari ilipofika Madungu, kisiwani Pemba, Haitham Hija, fundi bodi wa magari, alikuwa amepiga magoti ndani ya Haisi yake kuukuu, basi dogo la abiria, akifunga kwa boliti mfereji wa chuma wa kusimamishia gurudumu la pikipiki.

"Fundi, umesikia? Wamefuta!" jirani yake Abrahman alimwambia, akihema mlangoni.

"Nimesikia. Nipe hiyo spana namba kumi na nne."

"Lahaula! Ntu wa kazi weye!"

Haitham alikuwa na haraka yake. Mama yake, Bi Mwatum, mjane, ana eka tatu za mikarafuu katika bonde moja nje ya Konde, mahali ambapo gari huishia ukingoni na mtu hushuka kwa miguu. Karafuu haimsubiri mtu. Huchumwa ingali imefumba. Ikishafunua ua, haina mnunuzi. Na ikishachumwa isilale guniani, kwa kuwa mbichi huvukuta yenyewe kwa yenyewe, ikatoka imenywea na kupauka. Msimu uliotangulia, wachumaji waliotoka Wambaa, kusini mwa kisiwa, kila alfajiri walifika bondeni jua limekwisha panda, na magunia yaliyopandishwa kichwani yalifika juu yamechelewa. Bi Mwatum alianika, akachambua, akatupa karibu nusu. Shamba jingine hana. Haitham alimwahidi kwamba safari hii wachumaji watalala hukohuko, na gunia halitachelewa hata siku moja.

Ndiyo maana aling'oa viti vyote vya Haisi ila vya mbele. Ubavuni alitia vitanda vinne vya mbao za mwembe, vyenye bawaba. Njiani vitanda hukunjwa, pikipiki mbili za matairi ya meno, za kupandishia magunia, zikasimama katikati. Wakifika, pikipiki hushushwa kwa ubao, nafasi ikawatosha watu sita, wanne vitandani na wawili sakafuni. Alipigilia kulabu za vyandarua. Dumu la petroli alilifungia nje, nyuma ya mlango, kwa sababu karafuu hunywa harufu.

Kosa lake lilikuwa la mtu anayetazama chuma akasahau watu. Haisi ilikuwa ya kijani, imeliwa na kutu. Aliziba matundu kwa puti, kisha juu ya puti akapaka praima ya njano, ndiyo iliyokuwapo dukani. Mabaka makubwa kumi na moja ya njano juu ya kijani. Haitham aliona kutu iliyozuiliwa. Watu wa Pemba, wengi wao wapinzani, juma lile wangeona rangi za chama kinachotawala.

Ijumaa, baada ya sala, alikuja Jaribu, mvuvi wa Wambaa ambaye kila msimu huongoza kundi la wachumaji. Alikuwa na wenzake watano. Walilizunguka gari mara mbili.

"Asalaam aleykum, Mheshimiwa," Jaribu alisema.

"Wa aleykum salaam. Mheshimiwa nani tena? Ingieni muone vitanda."

"Vitanda tumeviona. Mkutano wa hadhara saa ngapi?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kama fulana na kofia hugaiwa kabla ya kulala au baada ya kuamka.

"Ni praima, Jaribu! Dawa ya kutu!"

"Mie najua praima. Mke wangu haijui. Wambaa nzima haijui praima. Nikionekana nashuka humu juma hili, fundi, siku nikifa nani atanizika?"

Hapo hakuna aliyecheka. Tangu vyama vingi viliporudi, vilikuwapo vijiji kisiwani ambako watu walisusiana maduka, gari, hata maziko. Jaribu alisema kwa upole lakini bila kupinda: humo hawalali, na wasipolala, hawaji, kwa kuwa taabu ya mwaka jana hawaitaki tena. Wakaaga wakaenda zao.

Bi Mwatum alikuwa barazani, ameyasikia yote.

"Paka nyeupe, mwanangu."

"Nyeupe ya wapinzani, mama. Upande wa pili nao watalisusa."

"Buluu?"

"Haohao."

"Nyekundu?"

"Mama!"

"Basi Mungu kaumba rangi, watu wamezigawana zote," alisema. "Karafuu zangu zilikuwa kijani, sasa zinaiva nyekundu, wala hazijamuuliza ntu kadi. Siku tano, Haitham. Zilizotangulia kuiva hazivuki siku tano."

Kwa miaka ishirini Haitham alikuwa amewaonya wateja kwamba chuma kitupu katika hewa ya Pemba huliwa kama mbao iliyoingiwa na mchwa. Bodi ile ikiwa na rangi, kwa hesabu yake, ingemfaa miaka kumi na mitano. Akaingia ndani, akatoka na brashi mbili za waya na msasa, moja akampa Abrahman.

Walikwangua Jumamosi kutwa. Chini ya kijani ikatokea buluu. Alasiri Jaribu alipita, akasema amekuja kutazama tu. Baada ya kitambo alikuwa ameshika kipande cha msasa. Chini ya buluu ikatokea nyeupe yenye mstari mwekundu.

"Loo! Kumbe lilihama chama!" Jaribu alisema.

"Siku nyingi," Abrahman alisema. "Na hatukuambiwa."

Kufikia Jumapili jioni Haisi ilikuwa bati tupu, na viraka vya kijivu vya puti. Angeweza kuipaka oili chafu ili kuichelewesha kutu, lakini oili hunuka, na magunia yangeegemezwa humo. Akaiacha vivyo hivyo.

Jumatatu Jaribu na wenzake walipanda, wakaondoka. Wachumaji sita walilala ukingoni, ndani ya Haisi, siku kumi na moja. Kila siku, kabla ya Magharibi, pikipiki zilipandisha magunia hadi ukingoni, na asubuhi Bi Mwatum alianika majamvini. Msimu ule hakutupa hata pishi moja.

Masika yaliyofuata paa lilianza kuvuja. Mwaka 2018 sakafu ilikatika katikati ya ile mifereji ya pikipiki, Haitham akalikata gari vipande kwa mkono wake.

Jaribu husema leo kwamba alikuwa akimtania fundi, na kwamba wangekuja kwa vyovyote. Abrahman hukataa katakata. Haitham hakuwahi kuuliza, na wawili kati ya wale wachumaji wamekwisha kufariki. Kama wangelala katika Haisi ile ikiwa na rangi zake, haijulikani.