Siku Nilipoitwa Mpambe

Mwandiko wangu unalala upande mmoja, na r na l bado zinanichezea. Mnisamehe. Niliishia darasa la saba, na mstari mmoja hunichukua muda wa kumenya ndizi za mchana.

Neno lenyewe ni mpambe. Nililikuta kwenye barua ya dada yangu, aliyekuwa akiishi Mafiga, mjini Morogoro. Aliandika: "Naolewa. Wewe utakuwa mpambe wangu. Tuma vipimo vya bega, kiuno na urefu."

Nilifurahi kweli. Kwetu Matombo anayepamba humaliza kazi watu hawajafika, kisha anapotelea jikoni. Kwa mtu kama mimi, ninayemwamkia mgeni nikiwa nyuma ya mlango, hiyo ndiyo harusi. Urefu nilielewa: wanataka kujua kama nitahitaji ngazi. Kiuno kilinitatiza kidogo, lakini nilituma.

Nikashuka mjini kwa lori la ndizi, siku moja kabla ya harusi, na mzigo wa makuti na matawi ya mdalasini, yale machanga yenye majani mekundu. Dada akanipokea mlangoni.

"Mbona umekuja na shamba zima?"

"Si ulisema nipambe?"

"Nilisema mpambe! Wewe ndiye unayepambwa!"

Akanionyesha gauni la rangi ya papai, lenye mabega yaliyotuna. Yalikuwepo sita, yote sawasawa. Kumbe wapambe huingia ukumbini wawili wawili mbele ya bibi harusi, wakicheza, na mtu wa video anawamulika taa usoni. Nikahisi miguu imekuwa ya mtu mwingine.

"Dada, niache nipambe tu. Siwezi kucheza mbele za watu."

Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alikaa kitandani, akalilaza gauni mapajani. "Wenzio watano wote ni marafiki. Damu yangu ni wewe peke yako. Nitaingia nikimtazama nani?"

Shangazi akadakia kutoka uani, "Mwacheni mtoto! Asipocheza yeye, gauni nalivaa mimi!" Shangazi yetu ana mwili hasa. Dada alicheka mpaka akafuta machozi, nami nikacheka.

Kesho yake nilifunga makuti mlangoni mwa ukumbi. Tawi moja la mdalasini likabaki. Muziki ulipoanza nilikuwa nimeshavaa gauni, tawi bado mkononi, na kumbe mikono ikiwa na kazi, miguu haiulizi. Nikaingia, nikilipunga kushoto na kulia. Watu wakapiga vigelegele, wakadhani ndio mtindo mpya.

Kwenye video naonekana tawi lenye macho mawili. Lakini nyuma yangu dada anaonekana vizuri, na ananitazama mimi.

Baadaye vyama vya siasa vilipokuwa vingi, nilisikia watu sokoni wakisema, "Mgombea anakuja na wapambe wake." Nikakimbia kuangalia magauni. Nikakuta wanaume watu wazima, fulana na kofia za rangi moja, wanacheza vumbini. Niliwaonea huruma. Hakuna aliyewapa hata tawi.

Kwenu watu wa namna hii, wa harusi au wa kampeni, mnawaitaje? Niandikieni. Herufi ziwe kubwa, maana hata kusoma nasoma taratibu.