Radhi ya Bi Mwanshamu kwa Spidi Ndogo

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa sare ya shule, maana nilitoka moja kwa moja kwenye kipindi cha hesabu. Meneja alinitazama juu hadi chini kama mtu anayenunua mbuzi.

"Unaweza kubeba kamera begani kwa saa nne na usicheke?"

"Kubeba naweza, baba."

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mwezi uliopita nilistaafu, nikiwa na kumi na saba na bega moja limeshuka. Ninyi mnaoingia kidato cha pili mnadhani video ni kubonyeza kitufe tu. Kaeni chini niwaeleze tulivyofanya kazi enzi zetu.

Duka la video lilikuwa mtaa wa Usagara. Meneja alikuwa fundi redio katika miaka ya foleni, ile miaka ambayo mama alinisimamisha kwenye mstari wa sabuni nimshikie nafasi. Baadaye milango ikafunguliwa, deki za video zikaingia kutoka Dubai, na kila harusi ikataka kamera. Sasa harusi zetu zina nje na ndani. Nje wapo wanaume na sahani za pilau. Ndani wapo wanawake, vichwa wazi, wanacheza wanavyotaka, na mwanamume hapiti. Ndiyo maana nikaajiriwa mimi, msichana. Cheo changu kilikuwa Mpiga Picha wa Ndani, na darasani nilidai niitwe hivyo.

Kazi ya ndani ilikuwa na sheria yake. Kanda tuliyorekodia, tukiiita mama, haikuwekwa. Nikishatoa nakala ya bibi harusi, mama inafutwa siku hiyohiyo, asije mwanamume akaiona. Nakala yenyewe niliitoa kwa spidi ndogo. Hapo deki huvuta utepe polepole, na kanda ya saa tatu inameza saa sita. Picha inapauka kidogo, lakini harusi nzima imo, mpaka waosha sufuria. Deki za zamani haziijui spidi hiyo. Zinaukimbiza utepe mbio. Hilo nililijua vizuri. Enzi zile nilijua kila kitu.

Ndipo kituo kimoja cha televisheni kikatuandikia, kikitaka kipindi kifupi juu ya ususi wa mikeka Tongoni. Walitaka Betakam, kanda nzito ya studio. Kama hatuna, wangepokea VHS, ile ya kawaida ya majumbani, ila iwe mama yenyewe na spidi ya kawaida. Kila nakala hupoteza rangi, na ikirushwa hewani hupoteza zaidi.

Meneja alinisomea barua mara mbili. "Umesikia, Mpiga Picha wa Ndani?"

"Nimesikia, baba. Wanataka mama, hawataki mtoto."

Msusi alikuwa Bi Mwanshamu, na alisukia uani kwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiyo wewe mwenye hilo dude? Njoo, lakini usinipige picha miguu."

Siku mbili nilirekodi vidole vyake vikipishanisha majani ya mkindu kuwa ukili. Siku ya pili, alipomaliza mkeka, akajitanda kanga upya.

"Usizime. Nina neno na dada yangu."

Dada yake, Bi Saumu, aliolewa Pemba. Walikosana kwenye matanga ya mama yao, na tangu hapo hawajasemezana. Bi Mwanshamu hakutaka kuandikiwa barua ya kumwomba radhi, alisema radhi ya mkono wa mtu mwingine si radhi. Bi Saumu hakukosa televisheni ya jirani jioni hata moja, kwa hiyo kipindi kingemfikia.

"Nasema mara moja tu," akaniambia. "Radhi haina mazoezi."

Akasema. Alipomaliza alifuta macho kwa ncha ya kanga, nami nikafunga kamera nikashukuru betri haikuisha njiani.

Jumamosi tukawa na harusi, na kanda zilikuwa chache. Nikachukua kanda ya Tongoni, nikatoa nakala kwa spidi ndogo, nikamfuta mama. Mkono ulifanya kama ulivyozoea.

Jumatatu Meneja akauliza, "Mama iko wapi?"

"Nimeifuta."

"Kwa nini?"

"Juu yake imeandikwa 'Ndani'."

"Nani kaandika?"

"Mimi."

Nilisubiri matusi. Akavuta kigoda akakaa, akatazama deki. "Binti, yule bibi hakuwa bibi harusi."

Tulijaribu kupeleka nakala. Kituo kiliirudisha na kijibarua cha adabu sana: haifai kurushwa. Hapo nikatoa wazo langu la busara, tuipeleke moja kwa moja Pemba, Bi Saumu aione kwa jirani. Mfanyabiashara wa karafuu akaibeba. Juu ya kanda niliandika jina la dada kwa mapambo na kuchora ua. Spidi sikuandika.

Yule mfanyabiashara alirudi na habari. Deki ya jirani ilikuwa ya zamani. Bi Mwanshamu alitokea anasuka kama panya anayekimbizwa, na radhi yake ikalia kama kifaranga. Sebule nzima ilicheka. Bi Saumu hakucheka. "Mwambieni amenikosea kwanza, na sasa ananifanyia mchezo." Akauvuta utepe wote nje, watoto wakafungia kuku.

Nilikwenda Tongoni mwenyewe. Nilimweleza yote, kufuta, spidi, kuku. Bi Mwanshamu aliendelea kusuka, hakuinua uso.

"Basi utakwenda Pemba wewe, mjukuu wangu. Miguu yangu haivuki maji. Ulikuwepo. Mwambie nilivyosema."

"Nimwambie nini, bibi?"

"Nilivyosema. Nilisemaje?"

Nikafungua mdomo. Nakumbuka taa nyekundu ya betri ikiwaka na kuzima. Nakumbuka kivuli cha ukuta kilimfika begani nikasogea kushoto. Maneno sikuwa nayo, hata moja.

"Bibi, sikuwa nasikiliza. Nilikuwa narekodi."

Akaweka ukili chini.

"Kumbe," akasema. "Mimi nilidhani nasema mbele ya mtu."

Kesho yake nilimrudishia Meneja kamera. Darasani wanasema nimestaafu kwa sababu ya mtihani wa kidato cha nne, nami sijawasahihisha.