Walioona Kulungu Wakasema Farasi

Dévote alipewa Mzee Shen amtunze kwa sababu wafanyakazi wenzake walimkimbia. Walisema anaongea mno. Mzee huyo alikuwa amefundisha historia maisha yake yote, kwanza Uchina, kisha hapa Sydney, na sasa, katika nyumba ya kutunzia wazee huko Lidcombe, aliwafundisha wanaomwogesha. Walizungumza Kiingereza, kila mmoja na chake, wakaelewana. Dévote alikuwa Mrundi aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania, na baba yake alizoea kuwasimulia habari za wafalme wa kwao hata siku ambazo chungu hakikupanda jikoni. Kwa hiyo kila asubuhi, akimnyoa mzee ndevu, aliuliza, "Leo tuko kwa nani?"

"Leo tuko Qin, Uchina ya kale," mzee alijibu asubuhi moja. "Falme saba zilipigana miaka na miaka, Qin ikazimeza nyingine zote. Mfalme wao akajiita wa kwanza, akasema ukoo wake utatawala vizazi elfu kumi."

"Ukatawala vingapi?"

"Tulia, Dévote. Tutafika."

Kabla hawajafika, mzee akaanguka. Alitaka kwenda msalani, akabonyeza kengele, hakuja mtu, akajaribu mwenyewe. Nyonga ikavunjika. Aliyekuwa zamu upande ule siku hiyo ni Kyakimwa, mama wa Kikongo anayeishi St Marys. Ndiye aliyemtafutia Dévote kazi, na kila siku alimpitia nyumbani kwake Doonside kwa gari lake. Ikasemwa kwamba aliisikia kengele akaipuuza.

Lakini muda mfupi kabla mzee hajaanguka, Dévote alikuwa ametokea na mashuka mkononi, akamwona Miriam, msimamizi wao, akiizima kengele, akisema inamuumiza kichwa.

Meneja aliwaita wote, akauliza mmoja mmoja: "Kengele ililia?" Miriam alikaa pembeni, mikono mapajani. Yeye ndiye aliyepanga shifti, na aliyemuudhi alijikuta anakaa nyumbani wiki nzima akisubiri simu.

"Ililia," akasema wa kwanza.

"Ililia," akasema wa pili.

Zamu ya Dévote ilipofika, Kyakimwa alimtazama bila wasiwasi wowote, kama mtu aliyekwisha kuuona msaada unakuja. Dévote akatazama sakafu.

"Ililia."

Kyakimwa alifukuzwa kazi siku hiyohiyo. Dévote akarudi Doonside kwa treni. Binti yake alipomuuliza kwa nini hali chakula, alisema amekula kazini.

Mzee Shen alirudi kutoka hospitali akiwa kwenye kiti cha magurudumu, amekonda, na hakungoja kuulizwa. Mfalme wa kwanza alikufa, alisema, akarithiwa na mwanawe, kijana dhaifu. Nguvu zote zikawa mikononi mwa waziri aitwaye Zhao Gao. Siku moja waziri akaleta kulungu barazani, akamwambia mfalme, "Nimekuletea farasi." Mfalme akacheka: "Huyu si kulungu?" Basi wakaulizwa wakuu waliokuwapo. Wengine wakanyamaza. Wengine wakasema farasi. Wachache wakasema kulungu, na hao waziri akawatafutia makosa mmoja mmoja, akawamaliza.

Kiwembe kilisimama shavuni mwa mzee. "Na waliosema farasi?"

"Wakarudi nyumbani wakala. Muda si mrefu Qin ikaanguka, ikaja Han, ikatawala karne nne." Mzee akafumba macho. "Niliwafundisha wanafunzi kisa hiki wakacheka. Walidhani wale wakuu walikuwa wajinga. Hawakuwa wajinga. Kulungu walimwona vizuri sana."

Dévote alimaliza kumfuta povu, akasema, "Mzee, mimi niliiona kengele ikizimwa."

Mzee Shen hakufumbua macho. "Niliibonyeza mpaka kidole kikauma," akasema. "Basi usiniambie mimi."

Dévote akaenda kwa meneja akiwa bado na aproni yake ya kazi, akasema yote, pamoja na uongo wake. Alipewa onyo. Miriam aliondolewa, na Kyakimwa akapigiwa simu arudi.

Hakurudi. Jumamosi Dévote alipanda treni hadi St Marys, akagonga. Kyakimwa alifungua akiwa amevaa fulana ya ghala alikopata kibarua.

"Dada, nimekuja kuomba msamaha."

"Meneja aliniambia." Kyakimwa aliushika mlango. "Wale wengine sikuwaangalia hata. Niliangalia weye tu."

Dévote alilia pale kizingitini mpaka jirani akachungulia.

"Ingia, watu wanatuona," Kyakimwa akasema. Alimwekea kiti, akamiminia chai. "Kwa mudomo nimekusamehe. Roho bado iko njiani, na mimi siwezi kuikimbiza."

"Nitaingoja, dada."

"Ngoja basi. Sukari iko hapo."

Wakanywa. Dévote hakutia sukari; aliona bado hajaistahili.