Jina la Ukoo

Nilipopata nafasi ya kusomea uuguzi Tanzania, aabo, yaani baba yangu, hakuuliza karo. Aliuliza tuna nani huko. Kwetu Garissa mtu akitaka kusafiri, hilo ndilo swali la kwanza. Ukiwa na mtu wa kwenu mjini, una pa kulala. Utatandikiwa mkeka hata kama hamjawahi kuonana. Lakini katika mji ule wa chuo hatukuwa na mtu. Mama alipiga simu mpaka Mandera kwa watu wa upande wake, akatoka mikono mitupu.

Basi aabo akatoa sharti lake: nipate kitanda katika bweni la wasichana, kwa maandishi, kabla sijapanda gari. La sivyo nitasomea papa hapa. Alilisema kwa upole, na aabo akisema jambo kwa upole ujue amemaliza.

Nikaenda saiba, kwenye kompyuta za kulipia, nikafungua fomu ya bweni. Ilikuwa ya Kiswahili sanifu, na mimi Kiswahili nilikuwa nimekipasi vizuri shuleni, kwa hiyo kichwa kilinivimba. Jina la kwanza, nikaandika langu. Jina la kati, nikaandika la aabo. Kisha ikauliza jina la ukoo. Sikusita hata kidogo. Ukoo wetu naujua tangu sijaanza kutembea. Nikauandika kwa herufi kubwa, nikaituma, nikaenda zangu.

Wiki mbili baadaye jibu likaja kwenye simu: hakuna mwanafunzi aliyesajiliwa kwa jina hili, kitanda amepewa mwingine. Niliwaka. Nilimwambia mama kwamba hao ni wababaishaji, kwamba wananionea kwa sababu natoka huku kwetu, nikaongeza na mengine ambayo nayaonea haya mpaka leo. Mama aliendelea kuchambua mchele wake, akaniambia nipunguze mdomo nipige simu.

Aliyepokea alikuwa mlezi wa bweni, mwanamke mwenye sauti ya taratibu. Nilianza kwa ukali, bila hata shikamoo, maana kwetu hatuna. Aliniacha nikamaliza, kisha akaniuliza kwa nini pasipoti yangu inaishia na jina moja na fomu inaishia na jingine. Nikamweleza kwamba la pasipoti ni la babu yangu, na la fomu ni la ukoo, kama walivyouliza wenyewe. Akataka kujua ukoo huo una watu wangapi. Nikasema hawahesabiki, wapo Garissa, wapo Ijara, wapo hata ng'ambo ya mpaka.

"Sasa mwanangu," akasema, "hao wote nitawalaza wapi?"

Nilicheka mpaka machozi, halafu machozi yakawa ya kweli, kwa sababu nilikuwa nimejiharibia mwenyewe. Akanituliza. Akasema jina la babu lingetosha, na kwamba kimebaki kitanda kimoja, cha juu, karibu na mlango. Ila alitaka kuzungumza na mzazi wangu, amtajie mtu wa kuitwa pale mjini nikiugua.

Nikampelekea aabo simu. Alikuwa uani akijiandaa kwenda kwenye biashara yake ya ng'ombe, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Alisikiliza, akakiweka chini kile kiatu. Nikajua yameisha. Atasema hatuna mtu, na huo ndio ukweli wenyewe.

"Mama," akamwambia mlezi, kwa kile Kiswahili chake cha soko la mifugo ambacho p hugeuka b, "huko sina mtu. Nitakuhesabu wewe. Akibata homa, mtazame kama wako."

Sikusikia mlezi alijibu nini. Nilimwona tu aabo akiitikia kwa kichwa, mara mbili, mara tatu, utadhani mwenzake anamwona. Aliponirudishia simu aliniuliza kama mlango wa bweni hufungwa usiku. Wiki zote zile nilikuwa nikidhani ni ubishi wake tu, kumbe alikuwa anaogopa. Akavaa kiatu cha pili, akaniambia nianze kufunga mizigo, akatoka bila kuniangalia usoni. Kitanda nilikuwa nimekipata, na wallahi siku ile sikutamani kwenda popote.